Maziwa Unywe, Ng'ombe Usiuze

Siku ile naikumbuka kila nikisikia nyundo ikigonga jiwe. Mwanangu, juzi ulinipigia kutoka ofisini umechoka. Ulisema unatengeneza ripoti za kompyuta, kila idara ina chumba chake humo, na si kila mtu anaruhusiwa kuona kila kitu. Sasa watu wa usafirishaji wanakubembeleza uwafungulie takwimu za wateja zilizo kwenye chumba cha mauzo, maana mizigo imekwama. "Baba, niwafungulie au niwanyime?" Kompyuta siijui, hata namba kwenye simu natafutiwa na wajukuu. Lakini swali lako nililikuta zamani, chini ya ardhi.

Ilikuwa miaka ile dhahabu ilipowatoa watu mashambani, hata walimu wakaacha chaki. Nilitoka kwetu Kenyamonta kijana mbichi, nikawa fundi wa matimba, yale magogo ya kushikilia mwamba ndani ya shimo. Nilifanyia kazi maduara mawili, mashimo ya dhahabu yaliyopakana, la Chacha na la Wambura. Sharti lilikuwa moja, unachokiona kwa huyu usikipeleke kwa yule. Siri ya mtungi aijuaye kata, na kata nilikuwa mimi.

Basi nikiwa chini kwa Chacha, nikasikia nyundo upande wa pili wa ukuta. Nikaweka sikio. Walikuwa watu wa Wambura, karibu kabisa. Chacha alikuwa amepata mkanda mzuri wa dhahabu, anaufuata kuelekea kwao, nao wanakuja bila kujua. Njia zile zikikutana, mwamba ungewashukia wote. Na zamu ile, aliyeshika nyundo kwa Wambura alikuwa baba yako mdogo, Marwa.

Nilipanda juu mbio. Niliogopa, sikufichi. Nikinyamaza, mdogo wangu anazikwa mzima. Nikisema yote, vijana wanashikiana mapanga kabla jua halijazama. Unatujua sisi.

Bahati nzuri baba yangu mkubwa alikuwa amekuja machimboni kuuza dume. Nikampa shikamoo, nikamwambia nina habari ya Chacha inayogusa uhai wa Marwa, na nataka kukimbia nikamwambie Marwa kila kitu. Akanikazia macho.

"Ng'ombe wetu walioko Ringwani kwa rafiki yangu, anawafanyia nini?"

"Anawachunga, anakunywa maziwa."

"Anawauza?"

"Hapana, baba. Si wake."

"Na alama ya sikioni, imefutika kwa sababu wamehama zizi?"

Akasema, "Habari hiyo ni ng'ombe wa Chacha. Nenda kwa mwenyewe kwanza, mbio. Omba maziwa tu, yatakayomtosha ndugu yako."

Chacha aliwaka. "Ukiwaambia ni upande gani, si umewaonyesha dhahabu ilipo?" Nikamwambia mwamba hauchagui, na wanawe wawili wako humo humo. Mficha maradhi, kifo humuumbua. Akakaa chini, akakuna kichwa weee, mwisho akakubali. Nimwambie Wambura asimamishe njia ile, naye anasimamisha yake, ukuta ubaki. Dhahabu isitajwe, na Wambura awaambie wachimbaji wa njia ile tu, habari isitoke hapo.

Nilipompelekea neno hilo, Wambura akauliza, "Kuna nini huko?"

"Kuna hatari. Mengine muulize mwenyewe."

Alinitazama, akaguna, akaita watu wake juu. Marwa akatoka na vumbi hadi kwenye kope, ananung'unika kwamba nimemkatisha kazi. Sijawahi kufurahia manung'uniko kama siku ile. Masika yalipokuja, njia zote mbili zilibomoka, hazina mtu.

Marwa alinisumbua miaka yote. Kila Jumapili tukitoka kanisani anakuja hapa Nyamisangura kunywa chai, na kabla ya kikombe kuisha, "Kaka, siku ile kulikuwa na nini?" Namjibu amuulize Chacha, na Chacha tulishamzika. Wiki hii, kabla ya kukusimulia wewe, nilikwenda kwa mwana mkubwa wa Chacha kuomba ruhusa. Alicheka hadi akakohoa. "Mzee, dhahabu yenyewe tulishaila. Mwambie binti, na Marwa naye mwambie, amengoja sana."

Nikamwambia Marwa habari ya mkanda ule. Akaweka kikombe chini.

"Ungeniambia siku ile," akasema, "ningerudi chini na nyundo."

Kwa hiyo, mwanangu, hao wa usafirishaji usiwafungulie chumba kizima, wala usiwafungie mlango mizigo ioze. Waulize wanahitaji nini hasa. Kisha nenda kwa wenye takwimu, watu wa mauzo, uombe hicho tu. Kama ni mahali pa kupeleka mzigo, wape. Nani anadaiwa na nani amepunguziwa bei, hayo yabaki yalipo. Na utakachowapa kiende na masharti yake, mtu mwingine asiyeruhusiwa kule kwa mauzo asikione hata kikiwa kwa usafirishaji. Wakinuna, waache wanune. Marwa alinuna miaka mingi, na bado yuko hapa ananimalizia sukari.

Mungu akupe sikio la kusikia nyundo mapema. Wanaokukabidhi mali yao walale usingizi, na wewe ulale. Ukija Krismasi, baba yako mdogo anasema umletee majani ya chai.