Kizimba cha Orrin

Verlyn Haugland alikuwa fundi wa kuchomelea vyuma katika mji mdogo wa jimbo la Iowa, Marekani. Kila gari la mbio aliloendesha mdogo wake Orrin, kizimba cha mabomba cha kumkinga dereva alikiunda yeye. Mara mbili gari lilibingirika, na mara mbili Orrin akatoka akitembea kwa miguu yake.

Mwaka ule macho yakamsaliti Verlyn. Kila alichokitazama kilikuwa na doa la ukungu katikati, na daktari hakumzungusha: dawa hakuna. Kiwanja cha mbio nacho, ile njia ya udongo nyuma ya mashamba ya mahindi, kilikuwa kimeuzwa. Zilibaki mbio za mwisho, za Agosti.

Kuchomelea hakuweza tena, lakini kupaka rangi aliweza. Akaamua kukwangua rangi nyeusi ya kizimba cha gari la mbio hizo na kupaka nyeupe kwa brashi, maana juu ya nyeupe ufa mpya haujifichi. Siku tatu alijikunja ndani ya gari kwenye gereji ya nyumbani, akipiga msasa.

Siku ya tatu kidole chake kikakwama kwenye mfereji mwembamba, pale bomba la nyuma ya kiti lilipokutana na sakafu. Akamwita mkewe, Arlys, alete tochi.

Arlys alimulika kuzunguka bomba. "Ufa umezunguka bomba zima," akasema. "Na chini ni kutu."

Verlyn akachomeka bisibisi. Ikazama. Maji ya mafuriko ya mwaka juzi yalikuwa yameingia, yakala chuma kwa ndani.

Jioni Orrin akaja. Verlyn akamshika mkono, akamgusisha pale.

"Paka tu, kaka," Orrin akasema. "Mbio moja, basi."

"Moja inatosha kukuua."

"Mkaguzi hataona chini ya rangi."

"Najua hataona."

Orrin akamkumbusha kwamba yeye mwenyewe ana miaka hamsini na saba, na hakuna msimu mwingine. Kukiunda kizimba upya ilikuwa kazi ya mwezi kwa fundi mwenye macho, na siku zilizobaki zilikuwa tisa. Kisha akasema la moyoni: "Au kwa kuwa wewe huoni tena, unataka na mimi nikae nyumbani?"

Verlyn akazima taa ya gereji. Neno hilo lilimnyima usingizi usiku kucha, kwa sababu hakuwa na hakika kwamba ni uongo.

Alimjua mdogo wake: angekuja na kopo lake mwenyewe la rangi. Asubuhi akachukua grenda, akakata nguzo mbili za nyuma za kizimba kwa kupapasa, ili gari lisiingie mashindanoni, Arlys akimwelekeza. Cheche zikamuunguzia mkono wa shati.

Jumamosi ya mbio ngurumo za injini zilifika hadi uani. Arlys alimuuliza kama wangekwenda. Verlyn akamjibu: aende kuangalia nini? Baadaye wakasikia kwamba Orrin naye hakuonekana kiwanjani.

Oktoba Orrin alileta trela kulichukua gari akaliuze kama chuma chakavu. Verlyn akamsalimu, akamwambia kuna kahawa ndani.

"Shika kamba upande ule," Orrin akasema.

Wakalifunga gari juu ya trela pamoja, kila mmoja upande wake. Orrin akavuta kamba kupima, akapanda gari lililovuta trela, akaondoka bila kuaga.