Marehemu Kwenye Kompyuta

Mwaka 1985 niliitangazia ofisi yetu yote, pale Kibaha, kwamba kompyuta mpya naijua nje ndani. Basi nikapewa kazi za Mwanaidi, mwenzetu tuliyemzika kijijini kwao Mzenga wiki mbili kabla.

Nikaingia kwa jina lake. Badala ya ile alama ya dola inayosubiri amri, kioo kiliandika: “Mwanaidi nipo.”

Nikaiamuru ioneshe mafaili. Yakaja, na chini yake tena: “Mwanaidi nipo.” Nikaandika: “Ondoka.” Mashine ikajibu kwamba haiijui amri hiyo, kisha: “Mwanaidi nipo.”

Nilitoka mbio, kiatu kimoja mguuni. Mzee Kibwana wa stoo akaja na wenzake wakisoma dua, mimi nyuma yao nikilia.

Mkuu wetu, Mama Anna, akaketi, akafungua faili la mipangilio ya marehemu, akafuta mstari mmoja, akaingia upya. Dola ikarudi.

“Maneno hayo aliyaweka Mwanaidi mwenyewe mahali pa dola, enzi za uhai wake,” alisema. “Kila mtu anaweza kuweka yake.” Akanigeukia. “Mwanangu, si ulisema unaijua?”

Dua ikakatika. Wote wakanitazama.