Hodi ya Mizinga

Kabla ya vita kumleta pamoja nasi mahandakini, kaskazini mwa Ufaransa, Anselme Bourdoncle alikuwa mchinjaji wa kondoo. Mwaka 1917 tuliamriwa kukishambulia tena kilima kilichotumaliza. Tukapita handakini mbele ya kapteni tukilia “mee!” kama kondoo wanaopelekwa machinjioni. Anselme ndiye aliyeanza.

“Unaogopa kufa, Bourdoncle?” kapteni alifoka.

“Kufa kitu gani, afande? Mizinga yetu inapiga hodi wiki nzima, Wajerumani wamejilalia zao chini ya ardhi. Ikinyamaza tu, wanatoka na rashasha kutupokea. Hata mwizi wa kuku hapigi hodi!”

“Kwa hiyo umeikimbia Ufaransa?”

“Nani akimbie? Handakini humu sitoki. Safari hii waje wao wapige hodi. Kuwakaribisha, tutawakaribisha sisi.”