Tundu la Santuri

Amplifaya iliyokaa muda mrefu bila kuwashwa ina harufu yake: vumbi linaloungua polepole, pamoja na kitu kama maganda ya korosho yaliyoachwa karibu na moto. Wiki iliyopita mteja aliniletea moja niitengeneze, dukani kwangu hapa Kibiti. Niliichomeka kwenye umeme, na kabla taa yake haijatulia nilikuwa nimesharudi sebuleni kwetu, nina miaka tisa, nimepiga magoti nyuma ya amplifaya ya Baba.

Siku za kawaida Baba alilima korosho, na siku za harusi alipiga muziki. Alikuwa na amplifaya moja nzito, deki ya kaseti, na spika mbili ambazo maboksi yake aliyaranda mwenyewe kwa mbao. Vyombo hivyo vilifunikwa kitambaa alichofuma Mama, na walioruhusiwa kukifunua tulikuwa wawili tu, Baba na mimi. Msinione najisifu, nilikuwa najisifu tangu wakati ule.

Kazi yangu ilikuwa kusoma. Nyuma ya amplifaya kulikuwa na matundu mengi yamejipanga safu, kila moja na maandishi madogo ya Kiingereza. Baba alishika pini za waya wa deki mkononi, akaniuliza, "Hili limeandikwaje?" Nilimsomea herufi moja moja, naye akanifafanulia. AUX ni tundu la deki, na la simu pia. PHONO ni la mashine ya santuri peke yake, maana sauti ya santuri hutoka ndogo sana na tundu lile huikuza mno. "Ukichomeka deki hapo, utakoma," alisema. Kisha aliuliza, "Na jekundu lipi?" nami nikamwonyesha. Niliamini ananipima, kama mwalimu anayelijua jibu.

Ikaja harusi ya msichana mmoja, Zainabu, kule Mahege. Tulifika baada ya adhuhuri, turubai limeshafungwa, jenereta linanguruma nyuma ya nyumba, kina mama wamevaa kanga za sare. Baba alipanga spika, akainama nyuma ya amplifaya, akaniuliza kama kawaida yake. Watoto wa pale walikuwa wamenizunguka wakinikodolea macho. Sijui nini kilinipata. Nilitaka waone kwamba hata Baba naweza kumtega, nikaona leo ni zamu yangu kumpima yeye. Nikakishika kidole chake nikakiweka kwenye PHONO.

"AUX hili hapa, Baba."

Nilingoja acheke, aseme, "Wee mtoto, unanichezea?" Akachomeka.

Ukatoka mngurumo nilioupata kifuani kabla ya masikioni. Kuku walitawanyika, na bibi mmoja akaangusha sinia zima la vitumbua. Baba alipowahi kuzima, karatasi ya spika ya kushoto ilikuwa imeshachanika.

Mjomba wa bi harusi alikuja mbio. "Vipi, Baba Tatu? Muziki gani huu? Wakwe wako njiani!"

"Samahani sana," alisema Baba. "Nimekosea mimi. Nimechomeka mahali sipo."

Mjomba akaondoka akisonya. Baba akachuchumaa karibu yangu, sauti yake ya chini kabisa. "Tatu, soma tena. Taratibu."

Nikasoma. Safari hii nilimwonyesha panapostahili, akachomeka, na muziki ukatoka safi kwenye spika moja iliyobaki. Tukaisogeza katikati ya ua, juu ya kinu kilichopinduliwa. Wakwe walipofika waliwakuta kina mama wameshaingia uwanjani, na pale spika ilipopungukiwa, vigelegele vilijaza.

Wakati wa kurudi tulikaa nyuma ya pikapu, vyombo katikati yetu. Nikamuuliza, "Baba, mbona hukutazama mwenyewe?"

Akanijibu, "Si uliniambia wewe?"

Nikaangua kilio. Yeye akadhani nalilia spika. "Inatengenezeka, mwanangu," akasema, na kweli aliitengeneza.

Nilikuwa kidato cha pili madaktari wa macho walipokuja Kibiti, na mimi ndiye niliyemsindikiza Baba. Daktari alimmulika, akamuuliza ameanza lini kuona ukungu. Baba akanielekezea kidole. "Tangu huyu yuko darasa la pili."

Darasa la pili! Harusi ya Mahege ilinikuta la tatu. Alifanyiwa upasuaji, akaona, na siku alipofunguliwa bandeji nilimweleza habari ya kidole chake. Alicheka mpaka akatakiwa kunyamaza asije akaumiza jicho.

Kwa miaka mingi niliikumbuka siku ile kuwa ni siku ambayo Baba alinisitiri. Alinisitiri kweli. Ila alikuwa akijisitiri na yeye, kwa maana nani angemwita harusini mpiga muziki asiyeyaona matundu ya amplifaya yake? Maneno yale machache, "Nimekosea mimi," yalitufunika wote wawili. Hilo halijanipunguzia kitu katika kumpenda. Kwa sababu wiki moja tu baada ya Mahege kulikuwa na harusi nyingine, kule Umwe, na kaka zangu wawili, wote wanajua kusoma na wote hawajawahi kumdanganya, walikuwa wamekaa barazani wakisubiri mmoja wao aitwe badala yangu. Baba alifunua kitambaa, akaniita mimi.