Fundi wa Ala

Fundi wa ala za panga, pale sokoni Gondar, haanzi kamwe na chuma. Liwe jambia la Afar au upanga wa Wollo, yeye huinusa ngozi ya ala kwanza. Siku hiyo Yeshimebet alimtazama akiuweka upanga wa babu yake kando, akiipapasa ala tupu kwa kidole gumba kilichopinda kama ndoano, taratibu, kama anayempima mtoto homa.

"Baba, soma chuma! Kina herufi za Kizungu," Getnet, shemeji yake Yeshimebet, alimwambia fundi huku akicheka. "Huo ni zawadi ya Waitaliano kwa babu yake, msaliti aliyewatumikia. Na shemeji anataka kwenda nao kanisani, kwenye kumbukumbu ya babu huyo!"

Yeshimebet aliinamisha kichwa. Kidole cha fundi kiliendelea kuipapasa ala.

"Chuma cha ng'ambo hata mababa zetu walinunua," fundi akasema kwa sauti yake ya chini. "Lakini Mzungu huvaa upanga kushoto, sisi huvaa kulia. Ngozi hii imelika palipogusa nyonga ya kulia, na haikulika kwa ile miaka mitano tu ya Waitaliano; ilivaliwa tangu kabla hawajafika. Wewe bwana mdogo umesoma herufi. Sasa soma jasho la ngozi pia."

Fundi akaurudisha upanga alani, akamfunga Yeshimebet nao kiunoni, upande wa kulia.