Ng'ombe Hawahesabiwi

Wazo letu lilikataliwa kabla chai haijapoa. Tulikuwa wawili, mimi na mwenzangu niliyesoma naye chuo, kwenye chumba cha kupanga nyuma ya mashine ya kukamua alizeti hapa Singida mjini. Chumba hicho ndicho tulichokiita studio. Gemu tuliyoibuni ilikuwa ya mbio za bodaboda katika barabara za Dar es Salaam, jiji ambalo mimi nimefika mara mbili na mara zote nilipotea. Mkubwa wa kampuni ya kusambaza gemu alitusikiliza kwenye simu ya video, akajikuna shingo, akasema, "Za namna hii ninazo tano mezani. Hapana."

Masikio yaliniwaka. Mwenzangu hakuniangalia. Alikuwa ameshapata kazi Dodoma, ya kutunza kompyuta za ofisi, na alitakiwa kuripoti Jumatatu iliyofuata. Tulikuwa tumekubaliana kwamba tukikosa mradi wiki hiyo, yeye anaondoka na studio inafungwa. Peke yangu nisingeweza. Najua kuandika programu, lakini ukiniambia nichore ng'ombe, utapata meza yenye pembe.

Nilikuwa karibu kukata simu, yule mkubwa akasema, "Ile picha yenu ya tatu. Ya ng'ombe. Ile gemu ni ya nani?"

Picha hiyo niliiweka kwenye maelezo yetu kama mfano tu, kuonyesha kwamba hata kitochi, simu ndogo ya vitufe, kiliweza kubeba gemu nzuri. Nilipokuwa darasa la sita tulirushiana gemu hiyo kwa blutuuthi, simu hadi simu, za wazazi na za wajomba. Unachunga ng'ombe, unawanywesha, unawarudisha zizini kabla jua halijazama. Basi, hakuna zaidi.

"Hiyo ndiyo mniletee, mmeitengeneza upya," alisema. "Ijumaa saa tisa nataka sampuli, na ridhaa ya mwenye gemu kwa maandishi. Bila ridhaa msinipigie."

Hasira ya kukataliwa haikunitoka, lakini kazi niliianza siku ileile. Kitochi cha marehemu bibi yangu kilikuwa bado kinawaka, na gemu ilikuwemo. Mwenzangu alichora ng'ombe wapya, wazuri hadi unatamani kuwashika. Mimi niliandika programu upya na kuacha nilichokiona cha kizamani. Juu ya skrini nikaongeza namba: ng'ombe kumi na nne, akipotea mmoja, kumi na tatu. Nilijiona mjanja kweli.

Mwishoni mwa gemu ya zamani kulikuwa na maandishi madogo: Imetengenezwa Ilongero. Alhamisi asubuhi tukapanda bodaboda hadi huko. Fundi simu wa pale senta alicheka tulipomuuliza. "Si mama yule wa alizeti? Zamani alikuwa anawawekea watu nyimbo kwenye simu hapahapa."

Tulimkuta uani anapepeta, mama wa miaka kama hamsini, kanga imefungwa kiunoni. Tukamwamkia shikamoo, akaitikia, akatupa vigoda. Alipoelewa tumefuata nini, alifuta mikono yake polepole. Alijifunza mwenyewe, alisema, kwa kitabu alichoachiwa na kaka yake, na hakuna mtu aliyewahi kuja kumuuliza habari za gemu ile. Nilimpa simu yenye sampuli yetu.

"Jamani, ng'ombe wangu wamenenepa!" alisema. Halafu tabasamu likamtoka. "Hii namba ya nini?"

"Ni idadi ya ng'ombe, mama."

"Wewe ni mtoto wa wapi?"

Nikamtajia kijiji chetu, si mbali na hapo. Akanigeukia na kunisemesha Kinyaturu, taratibu, akiniuliza ni nani kwetu anayehesabu ng'ombe.

Niliona aibu. Bibi aliyenilea alinichapa mara moja tu maishani, na ilikuwa kwa kosa hilo. Nilisimama mlangoni mwa zizi nikiwanyooshea kidole, mmoja, wawili, watatu, akanidaka mkono. Ng'ombe ukiwahesabu wanapungua. Unawatazama wakiingia, kila mmoja kwa rangi yake, na asiyekuwepo utamwona. Nililijua hilo kabla sijajua kusoma, na bado nikaweka namba.

"Na lango?" mama aliuliza. "Lango mmelipeleka wapi?"

Lango ndicho kitu nilichokiacha. Katika gemu yake, ukifika zizini huambiwi chochote. Unaulizwa tu: nani hayupo? Ukimtaja aliyepotea kwa rangi yake, unaruhusiwa kurudi kumtafuta. Ukikosea, ndiyo umeshampoteza.

"Sisaini," alisema, akanirudishia simu.

Mwenzangu akaanza kumweleza mambo ya wachezaji wa siku hizi. "Hebu nyamaza!" nikamkatiza, mbele ya mwenye nyumba, nikafungua laptopu juu ya gunia la alizeti. Betri ilikuwa ukingoni. Nikafuta namba. Nikaandika lango upya, mama amerudi kwenye kupepeta kama vile hatupo. Nilipomaliza nikampa simu, akaikataa.

"Cheza wewe."

Nikachunga, nikanywesha, nikarudisha. Swali likatokea. Mwenzangu alikuwa ananipumulia shingoni. Nikafumba macho na kuwaona tena wakiingia, mmoja mmoja, kama nilivyozoea nikiwa na bibi.

"Wa kijivu," nilisema. "Mwenye pembe iliyovunjika."

Nikaruhusiwa kurudi kumtafuta. Mama akaomba kalamu. "Ukirudisha namba," alisema huku anasaini, "karatasi hii uichane mwenyewe."

Ijumaa saa tisa begi la mwenzangu lilikuwa tayari mlangoni. Kwenye simu ya video, yule mkubwa aliisoma ridhaa, akafungua sampuli kwenye simu yake ya pili, akaguna. "Namba iko wapi? Mchezaji atajuaje kama ng'ombe wamepungua?"

"Hakuna namba," nilisema. "Na haitakuwepo."

"Basi dada, sidhani kama..."

"Cheza kwanza." Sauti ilitoka kali kuliko nilivyotaka. Mwenzangu alinitazama kama nimempandisha basi la Dodoma kwa mikono yangu.

Yule mkubwa akainama. Tuliona utosi wake tu. Akakosea, tukasikia anasonya. Akaanza upya. Mashine ya alizeti ilikuwa inaunguruma upande wa pili wa ukuta na mimi nilikuwa nimeshika meza kwa mikono miwili. Akakosea tena. Mwenzangu alisogea mlangoni, akashika mkanda wa begi.

Hatimaye yule mkubwa akainua uso, amekunja ndita.

"Hebu subirini," alisema. "Yule mwekundu mwenye baka jeupe nimemwacha wapi?"

Mwenzangu akauachia mkanda wa begi.