Nanasi la Uzunguni

Mjomba alikuwa mpishi Uzunguni, na ndiye aliyetuletea lile tunguu la ua, kubwa kama ngumi, limefungwa kwenye kipande cha gunia. Mama akalipanda uani, ndani ya debe la mafuta ya taa, karibu na jiko la mpangaji wetu. Huyo alikuwa mjane aliyekaanga samaki na kuwauza barazani kwetu, Kariakoo.

Mvua zilipoanza, tunguu likatoa majani mapana, kisha bua lenye madoa ya zambarau, na juu yake maua ya kijani yamebanana, yamevikwa kishungi cha majani. Nanasi kabisa.

"Mama mwenye nyumba, hili tutalimenya lini?" mpangaji alitania.

"Wewe parua samaki wako. Hili ni la kutazamwa."

Majirani wakaja kulitazama. Nikajivuna kama nimelizaa mimi.

Wiki ya pili ikaja harufu. Ilikuwa ya panya aliyeoza, nzito, tamu kidogo, ikikaa ulimini, kwenye khanga zilizoanikwa, hata kwenye maji ya mtungi. Mama alimwaga majivu chooni, akapekua kila pembe. Mwishowe akasimama mbele ya karai la mpangaji.

"Matumbo ya samaki unatupa wapi, bibi?"

"Jalalani, kila asubuhi. Unaniona."

"Bwana afya akinusa hapa, nitashtakiwa mimi. Ijumaa nataka chumba changu."

Mchana ule nililiinamia ua. Nzi wa kijani walitambaa katikati ya maua kama juu ya kidonda. Nilivuta pumzi moja, nikatapika kando ya debe. Nikafukia matapishi kwa mchanga, nikanyamaza. Mtaa mzima hakuna mwingine aliyekuwa na ua kama lile.

Alhamisi, akifunga vyombo vyake, mpangaji aligundua mwenyewe.

"Mama mwenye nyumba, njoo unuse nanasi lako."

Mama aliinama. Akanyooka, akafuta pua kwa ncha ya khanga.

"Ua haliwezi kunuka hivi. Harufu ya samaki wako imelikolea."

Mpangaji akanigeukia. "Na wewe, mwanangu, unasemaje?"

"Sijui, bibi."

Alinitazama kidogo tu, kama mtu anayetazama kitu kilichonata kwenye kiatu, akaendelea kufunga.

Kesho yake alihamia mtaa wa Gerezani. Jioni mama alinipa kopo la maji, akageukia ukutani, ameziba pua. Nikalimwagilia ua, nzi wakinitua mdomoni.